Vigae Elfu Kumi, Mia Nne na Vitatu

Mimi nina hasira za karibu. Kigae kikinivunjikia, hugombana nacho kama mtu. Lakini kile cha pembeni kiliponikatikia vidoleni, nilikimbilia kuhesabu vilivyobaki.

Mjane wa mfinyanzi alikuwa amenipa vigae elfu kumi, mia nne na vinne, vidogo kama vifungo vya koti, kazi ya mikono ya marehemu mumewe. Sharti lake lilikuwa vyote vikae ukutani sebuleni, kisikatwe hata kimoja, wala pasiwe na pengo. Mimi hupanga kazi kavu sakafuni kabla ya kugusa saruji, na mraba ulikuwa umetimia: safu mia moja na mbili, kila safu vigae mia moja na viwili. Sasa safu ya mwisho ilikuwa na pengo juu.

Nikachukua penseli nitafute mstatili mwingine. Niligawanya elfu kumi, mia nne na tatu kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, nikapanda hivyo hivyo mpaka tisini na saba. Kila mara kilibaki kitu. Jasho likanitoka. Nikampigia simu dada yangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu ila hajaacha kusahihisha watu, nikamweleza habari ya mraba na kigae kilichovunjika.

"Hii ni namba tasa, dada. Haigawanyiki. Nimekwisha."

"Umeishia wapi?"

"Tisini na saba."

"Na mraba wako ulikuwa mia moja na mbili kila upande. Ungefika huko ndipo ulie. Tangu utotoni wewe huchokea mlangoni." Akashusha pumzi. "Haya, iondoe hiyo safu yenye pengo. Ina vigae vingapi?"

"Mia moja na kimoja."

"Na safu zilizobaki ni ngapi?"

Mia moja na moja. Sikungoja aendelee. Nilivilaza vile vigae juu ya vichwa vya safu zote, kimoja kimoja, vikaenea bila kuzidi wala kupungua. Mia moja na moja kwa mia moja na tatu. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikamwambia dada kwamba nampenda. Akaniuliza kama nimekula.

Kulibaki kuungama. Mjane alipoleta chai, nilimpa vile vipande viwili.

"Nisamehe, mama. Kimenivunjikia."

Alivigeuza, akatazama ndani, ambako udongo ulikuwa haujaiva.

"Hiki si chake," alisema. "Nilikifinyanga mimi baada ya mazishi, na tanuri silijui. Miezi ile ya mwisho alikuwa anasahau hata jina langu. Nilipohesabu nikaona mraba umepungua kimoja, nikajua amekosea."

Akainama, akahesabu upana kwa kidole, kisha kimo, bila haraka. Chai yangu ikapoa na sikujali. Alipomaliza aliketi pale pale sakafuni, anatabasamu na machozi yanamtoka.

"Kumbe alikuwa anajua anachofanya," alisema.