Ombi Lisilotajwa la Wilodean Stamper

Kila siku ya mechi, kabla mjukuu wake hajafunga kamba za viatu, Wilodean Stamper alimtumia kitendawili kwenye simu. Mchezo ukiisha, wawe wameshinda wawe wameshindwa, Tate alirudisha jibu. Ndivyo walivyokwenda miaka minne ya chuo, bibi juu huko milimani Kentucky, kijana kule Laurel Gap, mwendo wa saa mbili kwa gari, akiichezea timu ya mpira wa kikapu ambayo watu wa bonde lile waliipenda kuliko baadhi yao walivyowapenda wake zao. Wilodean aliwapikia watoto wa shule miaka thelathini na moja. Mikono yake ilizoea masufuria kuliko simu, lakini kitendawili hakuwahi kukikosea hata herufi.

Jumapili moja ya mwezi wa pili Tate alikuja kula. Akamaliza sahani mbili za maharage na mkate wa mahindi, kisha akavua soksi ya kushoto. Mguu juu ya vidole ulikuwa umevimba, unang'aa kama bilinganya. Alisema anahisi ni mfupa, na ni wiki ya tatu sasa. Anameza vidonge viwili kabla ya mazoezi na viwili baadaye. Jumamosi wanakuja watu wa timu za kulipwa kumtazama, na huu ni mwaka wake wa mwisho chuoni. Jumamosi hiyo ikimpita, hana nyingine.

"Usimwambie mtu, Bibi," akasema. "Mtu yeyote."

Wilodean akaahidi. Hakuuliza daktari wa timu kasemaje. Chuo kile kina madaktari watatu, na mashine ambazo yeye hata majina yake hayajui. Ingempitiaje akilini kwamba hawana habari? Kocha Dorsett alikuwa ameshasema gazetini kwamba Stamper ameteguka kidogo kifundo cha mguu na wanamwangalia siku hadi siku. Wilodean alilisoma akatabasamu. Aliona ndivyo makocha walivyo, wanasema kifundo palipo goti, mpinzani asijue pa kukanyaga.

Jumatano jioni akaenda kanisani kwenye maombi. Pale kwao mtu mwenye mzigo asioweza kuusema huinua mkono tu, akasema, "Halitajwi." Mchungaji huitikia kwa kichwa, wote wanaomba, na hakuna anayeuliza kitu. Watu wameombewa ndoa na deni na ulevi kwa njia hiyo, na mji haujaanguka. Wilodean akainua mkono wake. Alipoushusha alihisi mabega yamekuwa mepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Baadaye, wakipanga viti, akamjia Verlin Combs. Verlin alikuwa shemasi, na koti la timu alilivaa hata mazishini. Alikuwa mtu mwema, ila hakujua kunyamaza.

"Dada Wilodean, mimi siulizi," akasema. "Ila kama ni kile kifundo cha Tate, dada yangu alikuwa na dawa ya kuchua, nikuletee."

"Si kifundo," Wilodean akajibu, akabeba kiti chake.

Na moyoni alijiona amefanya vizuri sana. Ameulizwa, amekana, basi.

Alhamisi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, redio imewashwa. Kila Alhamisi Kocha Dorsett huketi kwenye hoteli moja ya samaki kambare karibu na chuo, mashabiki wanapiga simu, anawajibu hewani huku wengine wanatafuna. Mpigaji wa tatu alipofungua mdomo, kisu kikasimama. Ilikuwa sauti ya Verlin.

Verlin alisema yeye si mcheza kamari anayewinda habari za majeruhi, kocha aelewe hivyo. Alimwona Tate ana miaka sita akirusha mpira kwenye pipa nyuma ya kanisa. Kila mechi wanaendesha gari saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na wanachopewa ni kifundo, siku hadi siku, utadhani wao ni wapelelezi wa timu nyingine. Kisha akasema:

"Sisi tunamwombea, Kocha. Tunaombea nini? Maana bibi yake mzaa baba kainua mkono kanisani, na ameniambia mwenyewe si kifundo."

Redio ikanyamaza. Sekunde tatu, nne. Zilisikika sahani tu. Halafu Kocha akasema hana taarifa nyingine yoyote, akaomba mpigaji anayefuata.

Wilodean akakaa kwenye kiti, kitunguu bado mkononi. Aliona aibu hata akiwa peke yake. Kumbe alimwambia. Ukimwambia mtu si hiki, umeshamwonyesha kipo kingine. Akamfikiria yule kocha, akaona anajua kuficha kweli, masikini, na yeye kamvunjia uzio.

Tate hakupokea simu Alhamisi wala Ijumaa. Jumamosi asubuhi Wilodean akamwandikia kitendawili, na safari hii kilikuwa nusu msamaha: *Nikiwa nacho peke yangu, kizito. Nikimpa mmoja, chepesi. Nikiwapa wawili, kinapiga kelele.* Kisha akapanda pikapu ya Verlin, maana gari lake halikupenda barafu. Njia nzima Verlin alizungumzia hali ya hewa.

Mechi ilikuwa saa nane mchana. Saa sita kamili, watu wakiwa kwenye foleni mlangoni, simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Ilikuwa orodha ya wanaocheza na wasiocheza, inayotolewa saa mbili kabla. Verlin akasoma kwa sauti.

"Stamper. Hatacheza."

Basi, neno moja. Foleni ikaguna kama ng'ombe. Mzee mmoja nyuma akalalamika kwamba hata duka la matairi linakuambia gurudumu lina nini. Wilodean hakumsikia vizuri, kwa sababu simu yake nayo ilikuwa inalia, na alikuwa Tate. Akajitenga pembeni ya ngazi.

"Ulimwambia nani, Bibi?"

"Sikumwambia mtu. Nimeinua mkono tu, na Verlin..."

"Kocha alikuja chumbani kwangu jana alfajiri. Akasema, vua soksi."

"Kwani hakuwa amekuona mguu?"

Tate akasogea mbali na kelele za wenzake.

"Tate. Daktari alisemaje wiki ile?"

"Hakuna daktari, Bibi. Niliwaambia kifundo, wakafunga bandeji kifundo. Hakuna aliyejua. Wewe tu."

Wilodean akaketi kwenye ngazi yenye barafu bila kuipangusa. Zile sekunde nne za redioni zikamrudia, na sasa akazisikia zilivyokuwa. Yule mtu hakuwa anaficha. Alikuwa anapata habari, pale pale, mbele ya kambare na dunia nzima. Na kocha alipowaambia watu kifundo, hakudanganya. Alisema chote alichopewa.

"Picha ya mfupa inaonyesha nini?" akauliza kwa sauti isiyo yake.

"Ufa umekula robo tatu ya mfupa. Jumatatu wanaweka skrubu. Wanasema ningeruka vibaya mara moja tu, ungekatika wote, labda nisicheze tena maisha." Akavuta pumzi. "Lakini kuruka au kutoruka kulikuwa kwangu kuamua, Bibi. Nilikuambia wewe kwa sababu wewe si watu."

Akakata.

Ndani, Tate aliketi benchi amevaa suti, mguu kwenye buti la plastiki. Hakuinua macho jukwaani hata mara moja. Watu wa safu tatu walimgeukia bibi yake. Ni mguu upi? Umevunjika? Atarudi Machi, kwenye mashindano ya kufunga msimu? Verlin, kofia mikononi, akasema wanauliza kwa upendo, na Wilodean alijua ni kweli, ndiyo maana ilimuuma.

"Mmeambiwa hatacheza," akasema. "Na mimi sina la kuongeza."

Walishindwa kwa kikapu kimoja. Wakarudi milimani bila kuzungumza, na walikuwa wamemaliza nusu ya njia simu ilipotetema mapajani mwake. Jibu la kitendawili lilikuwa na maneno matatu.

*Mdomo wa Verlin.*

Wilodean akaangua kicheko, kikageuka machozi kabla hajakimaliza. Akaandika: *Na wangu.* Akangoja. Likaja jingine: *Na wako. Jumatatu saa moja asubuhi, uje. Uje peke yako.*

Verlin alikuwa akimtupia jicho tangu mlio ule.

"Ni Tate? Kasemaje, Dada?"

Wilodean akaizima simu, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kisha akainua mkono wake wa kulia, hadi ukagusa paa la pikapu.

"Halitajwi," akasema.

Verlin akatazama barabara.