Vichupa vya Mwalimu Emmanueli

Riziki alikuwa amechoka tangu asubuhi. Wakaguzi wa dawa mkoa mzima walikuwa wawili, na mwenzake yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo bandari, maduka na zahanati zote zilimwangukia yeye. Mchana huo wa mwaka 2006 watu wa forodha walimwita ghalani. Ndani ya kontena la vifaa vya shule moja ya sekondari, katikati ya darubini na vyombo vya kioo, walikuta boksi la vichupa ishirini vya unga mweupe. Kila kichupa kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza: peptaidi, kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Mwalimu Emmanueli wa baiolojia, aliyekuja kupokea mzigo, alisimama pembeni, shati limemganda mgongoni.

"Peptaidi ndiyo nini, Mwalimu?"

"Vipande vya protini tu, dada, vya kutengenezwa kiwandani. Umesoma mwenyewe, ni vya maabara. Siyo dawa, na wewe unahusika na dawa."

Hapo hakukosea. Kemikali za maabara zilikuwa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Riziki alihusika pale kitu kinapokusudiwa kumtibu mtu. Angeweza kusaini akaenda kula. Lakini chini ya vichupa aliona paketi ya mabomba ya sindano, yale membamba.

"Na haya ni ya kumdunga nani? Vyura?"

Emmanueli alikaa juu ya kreti. "Mke wangu," alisema.

Anna alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kina mwezi wa saba hakifungi. Mwalimu alisoma kwenye intaneti kwamba peptaidi hiyo imeponya vidonda vya panya, akamwomba rafiki aliyekuwa akipakia kontena huko Ulaya aichomeke humo.

"Panya, Mwalimu. Hakuna anayejua mtu adungwe kiasi gani. Hata kilichomo ndani hatukijui."

"Najua. Lakini wewe hulali na harufu ya ule mguu."

Riziki alitoa fomu ya kuzuia mzigo. "Kikiwa cha panya, ni kemikali. Kikiwa cha Anna, ni dawa isiyosajiliwa, haina kibali. Na umeshaniambia ni cha Anna." Alijisikia anaongea kama mtu anayesoma tangazo.

Mwalimu alisaini bila kusoma. Riziki hakurudi ofisini. Alimfuata hadi nyumbani kwake mtaa wa Ufukoni, akauona mguu, akaandika barua kwa daktari anayemfahamu kwenye hospitali ya misheni. Wiki iliyofuata Anna alikatwa mguu chini ya goti. Vichupa vilichomwa pamoja na dawa zilizokwisha muda.

Anna alipona, akarudi kwenye cherehani yake. Emmanueli aliacha kumsalimia Riziki. Akimwona sokoni, anavuka barabara. Siku moja Anna mwenyewe ndiye aliyemwita barazani.

"Mvumilie, dada. Anaamini zile chupa zingeuokoa mguu wangu."

"Na wewe?"

Anna alinyoosha kitambaa pajani. "Sijui."

Riziki naye hakujua. Alikunywa chai aliyoandaliwa, akaaga, akaenda kutafuta gari la kwenda Madimba, ambako duka la dawa lilikuwa linamsubiri alikague tangu juzi.