Mguu Chini ya Pazia

Viatu vya Mzee Andongwisye vilitoka Tunduma, vyeusi, vya kamba, vinang'aa hata mtu angeweza kujitazama humo akinyoa ndevu. Vilimbana tangu dukani. Muuzaji akaapa kwamba ngozi hutanuka, avivae tu siku mbili tatu. Na mzee, ambaye maishani mwake hajapata kumwamini mnunuzi wa kahawa hata mmoja, akamwamini muuza viatu. Akarudi navyo kwao, milimani Ileje, akawa anavivaa kwenda shambani asubuhi na jioni ili vizoee. Havikuzoea. Kilichozoea ni kidole gumba cha mguu wa kulia, nacho kilizoea kuuma.

Na siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache. Alhamisi gari lingempeleka uwanja wa ndege wa Songwe, apande ndege kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na minane, aende Uchina kumwona mwanawe Ipyana akivishwa joho la udaktari wa mifugo. Kijiji kizima kilijua. Kanisani walikuwa wamemwombea mara mbili, na mtu aliyeombewa mara mbili haoni pa kuanzia kusema kwamba anaumwa kidole.

Kwa hiyo akanyamaza. Jumamosi aliuloweka mguu katika maji ya moto na chumvi ya Ivuna, akamwambia mkewe ni uchovu tu. Jumapili alikwenda ibadani kwa kandambili, akasema anavitunza viatu. Jumatatu alfajiri wekundu ulikuwa umepanda hadi katikati ya mguu, naye anatetemeka kwa homa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Huyu aliumbuliwa na mkewe, Mama Tulinagwe, aliyevuta blanketi akaona kidole kimevimba kama kiazi.

Mama Tulinagwe akasema waende zahanati, pale pale, ng'ambo ya mibuni. Mzee akasema atakwenda hospitali Itumba. Kwa usafiri gani, mkewe akauliza, na hata kusimama hawezi, sembuse kupanda pikipiki ateremke nayo milima yote ile?

Zahanati haikuwa na ubaya wowote. Shida ilikuwa tabibu wake. Nesi Jenista alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo amebaki mmoja tu, Gwantwa, naye Gwantwa ni mke wa Ipyana. Kwa wazee wa ukoo ule, baba mkwe na mkamwana hawasemezani wala hawatazamani usoni. Miaka sita Gwantwa alikuwa akimwona mzee anakuja, yeye anaiacha njia na kuingia kwenye mahindi. Miaka sita mzee alikuwa akikohoa kabla ya kuingia uani kwake mwenyewe. Ugali wa mkamwana mzee aliujua, kikohozi chake alikijua, pindo la kitenge chake alilijua. Uso hakuujua. Mchungaji alikwisha kuhubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Wazee wakaitikia amina, wakarudi nyumbani kuendelea nayo. Sasa mtu wa namna hiyo aende kumwekea mkamwana mguu mapajani!

Ndipo Mama Tulinagwe alipoketi kitandani na kusema jambo alilolificha miezi mitatu.

"Baba Ipyana, kule chuoni waliruhusu mgeni mmoja. Barua ya kwanza ilikuja na jina la Gwantwa. Yeye ndiye aliyekataa, akasema liandikwe lako. Alisema baba aliuza ng'ombe wake ili Ipyana asome, baba ndiye akaone. Miaka miwili huyo mtoto hajamwona mumewe. Sasa wewe kaa hapo na haya zako, kidole kioze, asiende yeye wala wewe."

Mzee alijiinua kwa viwiko. Kisha akaomba fimbo yake na bega la mkewe. Aliona haya, na safari hii haya zenyewe hazikuwa za kutazamwa mguu.

Zahanati walikuta mambo yameshapangwa, maana Mama Tulinagwe alikwisha kutuma habari. Gwantwa alikuwa ametundika pazia kukizunguka kitanda, mzee akalala ndani, mguu peke yake ukatokeza chini ya pazia. Katikati akasimama Hezron, mlinzi, apokee maneno ya huku ayafikishe kule, ingawa wote watatu walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

"Mwulize baba kimeanza kuuma lini," Gwantwa akasema.

Hezron akaligeukia pazia, akauliza, akaongeza na la kwake, kwamba viatu kama vile yeye angevikataa mlangoni.

"Mwambie ni juzi," likajibu pazia.

"Mwambie baba usaha huu si wa juzi."

Kucha ilikuwa imeingia kwenye nyama. Gwantwa akaeleza kwamba atachoma sindano ya ganzi, aukate upande wa kucha, asafishe, ampe na dawa za kumeza. Hezron akayafikisha, akaongeza kwamba sindano yenyewe ni ndefu. Vidole vya mzee vikajikunja vyote vitano. Ili asipige kelele mbele ya mkamwana, akaanza kuimba pambio kwa ile sauti yake nzito ya kwaya ya zamani. Ubeti wa pili Gwantwa, macho yakiwa kwenye kidole na mkasi mkononi, akaitikia bila kufikiri. Mwiko ulikataza kusemezana. Juu ya kuimba haukusema kitu. Hezron naye akaingia na besi, na Mama Tulinagwe pale mlangoni akapiga vigelegele, hata wanawake waliokuja kupima watoto wakadhani kuna aliyejifungua.

Kazi ilipokwisha, Gwantwa alichukua kalamu, akachora mstari juu ya mguu pale wekundu ulipoishia.

"Mwambie baba, wekundu ukiuvuka mstari huu, hasafiri. Anakwenda hospitali ya mkoa, si Uchina. Na atakayemzuia ni mimi."

Hezron hakuongeza kitu.

Jumatatu ile mzee aliutazama mstari kuliko alivyopata kutazama shamba lake. Jumanne homa ilishuka, lakini wekundu ulikuwa bado umeugusa mstari, naye akameza dawa zake kwa saa, mtu ambaye hata chai huisahau. Jumatano Gwantwa alipofungua bandeji, kati ya mstari na wekundu palikuwa na upana wa vidole vitatu vya ngozi safi. Alipenga kamasi, kisha akamwambia Hezron amwambie baba kwamba atasafiri, ila kwa kandambili, na dawa azimalize huko huko.

Alhamisi mzee akaingia garini amevaa suti, tai, na kandambili za bluu. Viatu vya Tunduma alimwachia Hezron, ambaye, licha ya maneno yake yote, vilimtosha. Mapajani alikuwa amepakata mtetea mweupe, na Mama Tulinagwe, aliyekuwa akimsindikiza hadi Songwe, akauliza kama kuku naye ana pasipoti. Walipofika zahanati mzee akamwambia dereva asimame.

Gwantwa alikuwa anafagia mbele ya mlango. Alipomwona mkwe wake anashuka, akaweka ufagio chini, akageuka kuiacha njia kama siku zote.

"Usiondoke, mwanangu," mzee akasema.

Ufagio ulikuwa chini, Hezron alikuwa mbali getini. Hapakuwa na wa kufikisha maneno. Gwantwa akasimama, uso ameupa ukuta.

"Huyu kuku ni wako. Wazee hawafungui mwiko kwa mikono mitupu." Akamweka mtetea kando ya ufagio. "Nikifika kule, jambo la kwanza Ipyana ataniuliza mke wake yukoje. Nitamjibu nini, nami sijawahi kukuona? Geuka nikutazame."

Gwantwa akageuka polepole. Alikuwa analia, kisha akaiona suti, akaziona na kandambili za bluu, kicheko kikamtoka, akacheka mdomo wazi mbele ya baba mkwe wake. Mzee naye akamtazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayekariri ujumbe asije akausahau njiani.

Walikuwa wamekwisha kushuka milima, wanaikaribia lami, ndipo alipofungua kinywa.

"Kumbe ana mwanya," akasema.

"Miaka sita," Mama Tulinagwe akajibu, na mzee akacheka peke yake hadi Songwe.