Fukusi Waliokataa Mtama

Sasa huyu Hasaballah, wa kijiji kimoja karibu na Dueim, kando ya Naili, shida yake ilikuwa moja tu: magugu maji. Yalijaa mbele ya pampu yake mpaka bata wanatembea juu kama wako sokoni. Kila asubuhi anaingia majini mpaka kiunoni, anang'oa, anatupa. Kesho yamerudi na ndugu zao. Pampu inakohoa, inazima, bamia shambani zinanyauka. Maua yake mazuri lakini, ya zambarau. Hilo hata Hasaballah alikubali.

Ndipo Mudawi, afisa wa kilimo, akaja na karai la magugu limefunikwa chandarua.

"Mzee wangu, humu mna fukusi mia mbili. Wametolewa mbali, huko huko magugu yalikotoka. Wamwage pale mbele ya pampu, halafu using'oe tena. Miaka miwili mitatu utaona."

Mkewe Sittana alikuwa anapika kisra, mkate wao mwembamba wa mtama. Mkono ukasimama hewani.

"Umesema fukusi?"

"Fukusi, mama. Lakini hawa..."

"Shimo la akiba ya mtama tumelifukia juzi, chakula cha mwaka mzima, na serikali inatuletea fukusi mpaka mlangoni! Mwanangu, tumekukosea nini?"

Mudawi akacheka, akaapa kuwa hawa hawali kingine chochote ila magugu hayo, akamaliza chai yake akaenda. Yeye hana shimo la mtama.

Hasaballah akabaki na karai lake. Akiwamwaga, wakapanda mpaka shimoni, watoto watakula nini? Asipowamwaga, bamia ndiyo basi. Tena alikuwa mtu wa kudadisi tangu zamani. Alishawahi kushinda kutwa kwenye kichuguu aone mchwa wanapumzika saa ngapi, mbuzi wake wakaishia shamba la watu, ikawa kesi.

Basi akachukua fukusi kumi na wawili, akawatia kwenye chupa kubwa ya samli, na konzi ya mtama, na jani la bamia, na kipande cha tikiti. Juu akafunga kitambaa.

"Baba Nayla, sasa unawafuga?" mkewe akauliza.

"Nawahukumu."

Wale wadudu wakakunja miguu, wakalala kimya kama kokoto. Akasema, aa, wamekufa kwa woga. Akageuka kuchukua chai yake, kurudi wanatembea.

"Waongo hawa!"

"Si nilikwambia?" Sittana akasema.

Siku ya tatu akamwaga mtama mkekani, akakagua punje moja moja, nyingine akazipasua kwa meno. Hakuna iliyotobolewa.

"Wanajifanya," akasema Sittana. "Mwizi siku za kwanza huwa mpole."

Siku ya tano Hasaballah akarudi mchana kutoka shamba, akamkuta mkewe kachuchumaa mbele ya chupa, pua karibu iguse kioo.

"Mama Nayla, unafanya nini?"

"Nimewatilia kisra. Ya moto. Kisra yangu hajawahi mtu kuikataa."

"Na wao?"

"Wameikataa." Akavuta tobe lake begani, kanuna kweli.

Siku ya saba wawili wakalala. Wakasubiriwa mpaka jioni, hawakuamka; safari hii hawakuwa waongo. Walilala juu ya mtama wenyewe.

Sittana akagonga kioo kwa ukucha. "Jamani. Kufa njaa juu ya chakula!"

Akashuka mtoni mwenyewe, akarudi na jani moja la gugu, akalitumbukiza chupani. Asubuhi lile jani limekwanguliwa madoa madogo madogo kama uso wa mwenye ndui, na wale kumi wamejibanza kwenye kikonyo chake, hawana habari na mtu.

Hasaballah anageuka amwambie mkewe, karai tayari liko kichwani kwa Sittana.

"Unangoja nini? Twende."

Mbele ya pampu Sittana akasema bismillahi, akawamwaga wote, na wale wa chupani pia. Sasa Hasaballah, mkono ulishazoea, akaona gugu limejizungusha kwenye bomba la pampu. Akainama alivute. Sittana akampiga kofi mkononi.

"Acha! Wageni hata hawajala."

"Na bamia zangu je? Maji yatapita wapi?"

"Sogeza bomba wewe. Wao miguu yao mifupi."

Hasaballah akavua jalabia, akaingia majini akivuta bomba kuelekea kule mbali kweupe, magugu yanakokoma. Magugu akayaacha yalivyo, na kila hatua mbili anageuka kuyachungulia.