Tatu Iliyosahaulika

Mwalimu Cozma wa Iași aliutazama ubao kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Ilinca alikuwa ameandika x mraba toa tisa, chini yake x toa tatu, akafupisha, akabaki na x jumlisha tatu.

"Na x ikiwa tatu?"

"Sita, mwalimu."

"Chini pamekuwa sifuri, nawe unaniletea sita! Tatu unaikataza kwanza, ndipo ufupishe. Mbumbumbu gani kakufundisha huu upuuzi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Ilinca akafungua daftari lake la tuisheni, akamwekea mezani. Hesabu ileile, jibu lilelile, na pembeni tiki kubwa nyekundu.

"Ni wewe, mwalimu. Jumamosi, sebuleni kwako."