Pikapu ya Bado Kidogo

Gereji nzima walimwita Bado Kidogo, na wala hakuna aliyekaa kitako kulitunga jina hilo. Alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Mpelekee gari lenye bampa lililopinda, ukirudi jioni unamkuta kalala chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje, na kabla hujafungua kinywa unasikia sauti kutoka huko chini: "Bado kidogo, bosi." Fundi alikuwa fundi, hapo tusimwonee. Alichokichomelea yeye hakikuachia. Kilichomshinda ni kumaliza.

Na hakuna gari lililoisikia hiyo bado kidogo kama pikapu yake mwenyewe. Aliinunua ikiwa mkweche, ukoka ukichungulia ndani kupitia sakafu iliyooza, na aliinunua kwa sababu moja: kumpeleka baba yake kwenye genge.

Baba alikuwa dereva wa greda enzi zake. Yeye na wenzake ndio waliochonga njia ya kwanza kupanda mpaka ukingoni mwa genge, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde zima linalala chini ya miguu yako. Huko kambini ndiko alikomwona mama wa watoto wake, mpishi wa wafanyakazi wa barabara, na ndiko alikomtamkia neno lake, wamekaa wawili juu ya jiwe, miguu inaning'inia. Mama alishatangulia. Jicho la kushoto la mzee nalo lilishazima, na la kulia lilikuwa linafifia. Mzee hakuomba makubwa. Alitaka jicho hilo moja lilione tena lile bonde kabla nalo halijafunga duka.

"Lini, mwanangu?"

"Bado kidogo, baba. Naweka winchi, tukikwama ituvute."

Winchi ikawekwa. Ikafuata keria, na juu ya keria hema la kukunjua, maana mzee hawezi kulala chini na nyoka. Halafu tangi la maji. Halafu jiko la gesi la kuvuta kama droo, ambalo kila mteja aliyeingia gereji lazima alivute na kulirudisha, avute na kurudisha, mpaka reli zake zikalegea na zikabidi zitengenezwe upya. Betri ya pili, taa za mbele, ngazi, mabati ya kutandika kwenye mchanga. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikula miezi.

Dada yake, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa na kagari kake kadogo ka kwendea kazini. Siku moja alisimama mlangoni mwa gereji, mikono kiunoni.

"Kaka, mimi nampeleka Jumamosi na kagari kangu. Yaishe."

Bado Kidogo alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Kagari kako? Tuta la barabarani tu kanalia kama kamefiwa! Kule hakuna barabara, dada. Kuna mawe matupu."

"Nani kakwambia?"

"Baba."

"Baba alipita huko wewe hujazaliwa!"

"Ndiyo ujue. Kama palikuwa pabaya wakati ule, leo patakuwaje?"

Mnamsikia lakini? Mtu mzima, simu iko mfukoni, na hakumuuliza hata dereva mmoja wa lori anayepita huko. Aliyemuuliza ni mzee aliyefika kule enzi za ujana. Basi dada akaondoka akisonya.

Uzito wa mazagazaga yote hayo ukaifanya pikapu ikalie matako. Fundi akakuna kichwa, kisha akatafuta springi za lori, nene kama mkono, akazifunga nyuma. Pikapu ikanyanyuka. Akajipiga kifua.

Wiki hiyohiyo dada akampeleka mzee kwa daktari wa macho, akarudi gereji macho yakiwa yamemvimba. Utando wa nyuma ya jicho umechakaa, alisema, umeanza kubanduka pembeni, na hauna tena pa kushikizwa. "Daktari kasema kama kuna kitu anataka kukiona, akione sasa. Ila asitikiswe. Umenisikia, kaka? Asitikiswe."

Alisikia. Na alizijua springi za lori, ngumu, za kurusha aliyepanda; asingekuwa fundi kama hazijui. Jioni ile aliizunguka pikapu mara nyingi, tochi mkononi. Kurudisha springi za zamani maana yake avue winchi, ashushe hema, atoe tangi, abaki na pikapu kama pikapu ya yeyote. Moyo ulikataa. Akajiambia mzigo ukijaa springi zitatulia. Akaizungusha mtaa mzima kuijaribu, kwenye barabara laini, ikatulia. Basi ikawa hivyo.

Wakaondoka, baba na mwana, dada akiwapungia mkono bila kutabasamu.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, tusidanganyane. Palipo na njia panda fundi aliiacha barabara akashika ile aliyoelekezwa na baba, njia ya kale ya greda, imeota majani katikati. Mzee alikuwa kama mtoto. Alipapasa dashibodi, akavuta jiko, akalirudisha. Walipopiga kambi alipanda ngazi mwenyewe, akakaa mlangoni mwa hema akinywa chai, akasema, "Mama yako angekuona leo, angenicheka. Mimi nilimpa jiwe la kukalia, wewe umenijengea ghorofa."

Kesho yake wakaanza mawe. Njia ililiwa na mvua za miaka, imebaki mifereji na vichwa vya miamba, na zile springi za lori zilikuwa zinajibu kila jiwe. Pikapu ilipanda kila kitu, haki yake ipewe. Winchi iliwavuta mara mbili. Lakini ndani mlikuwa ni kurushwa, kichwa cha mzee kinagonga pembeni, kinagonga nyuma. Alilifunika jicho kwa kiganja, kama mtu anayeshikilia kofia kwenye upepo.

"Baba, uko sawa?"

"Endesha."

"Tupumzike?"

"Endesha, mwanangu. Nimesubiri vya kutosha." Baadaye kidogo akacheka. "Nakiona kitu cha ajabu. Vimulimuli pembeni ya jicho, kama unachomelea humu ndani."

"Usitazame moto bila miwani, baba!"

Wakacheka wote wawili. Fundi akakanyaga mafuta.

Asubuhi iliyofuata alitangulia kuamka, akachemsha chai. Jua lilishapanda, bati la tangi lilianza kuwa la moto. Mzee akajitokeza mlangoni mwa hema, akageuza uso huku na huku.

"Mbona leo hakupambazuki?"

Kikombe kilimtoka Bado Kidogo mkononi. Alitamani kusema kuna mawingu, ukungu, chochote, lakini jua lilikuwa limempiga baba yake usoni moja kwa moja, na lile jicho halikufumba hata kidogo.

Mzee alikisikia kikombe kikianguka, akaelewa. Akashuka ngazi kinyumenyume, akitafuta kila kidato kwa mguu.

"Kumebaki umbali gani?"

"Ni hapo juu tu, baba. Bado ki..." Akashindwa kulimalizia.

"Nipeleke hivyohivyo. Nikae kwenye jiwe."

Wakapanda. Pikapu ikavunja kichaka cha mwisho, ikapiga jiwe moja zito, kisha ghafla ikanyamaza. Matairi yakaanza kuvuma chini kwa chini.

"Mbona limenyamaza?"

Fundi alikuwa anatazama lami, nyeusi, pana, ina mstari mweupe katikati. Mbele, ukingoni, magari madogo yalikuwa yamepangwa, na mojawapo lilikuwa kagari pacha na ka dada yake, mwenye nako anafuta kioo.

"Ni lami, baba."

"Ya tangu lini?"

Ikabidi ashushe kioo aulize. "Zamani tu," alijibu yule mtu. "Hata maharusi huja kupigia picha hapa." Halafu akaitazama pikapu, mabati, winchi, matope mpaka juu. "Nyie mmetokea wapi?"

Jiwe lilikuwepo. Wakakaa, miguu inaning'inia.

"Niambie unaona nini."

Bado Kidogo alitazama. Bonde lilikuwa zuri kiasi cha kuumiza, na mdomo wake haukuwa na neno hata moja la kulibeba. Alijua kutaja vyuma tu. "Ni kubwa, baba," akasema. "Ni kubwa sana." Kisha akalia kwa sauti, watu wakageuka.

"Nisamehe, baba. Dada alitaka kukuleta na kagari kake."

Mzee aliugeuzia uso upande, si kwenye bonde bali kwenye magari.

"Ndiyo," akasema. "Nilimwambia nakusubiri wewe."

Akanyoosha mkono ashikwe. Walirudi kwa lami. Fundi aliendesha taratibu, akikwepa hata vijiwe, mpaka mzee akamwambia, "Pita tu popote, mwanangu. Sasa hakuna cha kutikisika."