Kigezo cha Mvua

Nukta zilitapakaa kwenye kioo cha kompyuta kama kumbikumbi walioangukia taa, na katikati yao ukapita mstari mmoja uliopanda bila haya. Hildegarda aliutazama huku akimtikisatikisa Goodhope mgongoni. Mtoto alikuwa akiota meno, na usingizi ulikuwa umeihama nyumba yao tangu juzi. Mstari ulisema jambo moja tu: kila mwezi nyumba ya kusubiria ilipojaa, gharama za kuendesha hospitali zilipaa.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya wodi ya wazazi, vyumba viwili na jiko la nje, ambamo wajawazito wa vijiji vya mbali walikaa mpaka uchungu uwashike. Hildegarda, mhasibu msaidizi, alikuwa amejifunza hesabu hizi kwenye masomo ya jioni, tumbo likimzuia kuisogelea meza. Rigresheni, mwalimu wao alipenda kusema, ni kuyatuliza mambo yote mengine ili ujue hili moja linavuta kiasi gani. Alikuwa ametuliza idadi ya wagonjwa, ametuliza upasuaji, ametuliza watumishi. Nyumba ikaendelea kuvuta. Wiki iliyopita alimpelekea matokeo mganga mfawidhi, Dokta Hezekia, naye akasifu sana. Kesho bodi ya hospitali ingekaa kupunguza gharama, na nyumba ingefungwa.

"Shikamoo mama," alimwamkia mkunga Mwanasha, aliyekuwa akipita dirishani.

"Marahaba. Hiyo kompyuta yako imeshazaa, au bado inasukuma?"

Mwanasha ndiye aliyempokea Goodhope alipozaliwa.

Mchana mvua ikaja kutoka upande wa Mikumi, nzito, na umeme ukakatika. Jenereta ikaanza kunguruma. Hildegarda alikimbia kuanua nepi alizokuwa ameanika kwenye kamba ya nyumba ya kusubiria, akamkuta barazani mwanamke aliyelowa chapachapa, tope hadi magotini, ndoo ya unga kichwani na mzigo wa kuni chini. Aliitwa Tumwagile, wa Kisanga.

"Mbona mapema hivi, dada? Hilo tumbo bado liko juu."

"Mto ukijaa unaniuliza tarehe?" Tumwagile alicheka, akishusha ndoo. "Mvua ikitia nia, sisi tunatoka. Kiangazi hatuna haraka, tunakuja siku zikiwa zimetimia. Wengine hatuji kabisa."

Hildegarda alisimama na nepi zake mikononi. Gari la wagonjwa lilikuwa likitoka langoni, na dereva akilalama kwamba daraja limefunikwa, itabidi azunguke mbali. Jenereta ilinguruma. Watu hawa walikuja na unga wao na kuni zao. Aliyajua hayo tangu siku alipoajiriwa, ila namba ilipokuja na uso mkavu, aliona haya kuihoji.

Akampigia simu mwanafunzi mwenzake wa jioni, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la mbegu la Kilangali, ambako walipima mvua. Akaomba vipimo vya miaka yote ya hesabu zake. Umeme uliporudi akaiingiza mvua kama kigezo kipya. Mstari wa nyumba ukalala.

Haukulala wote. Ulibaki mwinuko mdogo, wa maji, sabuni na magodoro. Akiuondoa mwezi mmoja tu, Aprili ya mwaka wa mafuriko, hata huo ungetoweka. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Goodhope akakohoa usingizini. Hildegarda akauacha mwezi mahali pake.

Dokta Hezekia aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaisoma ameketi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka chumba cha upasuaji.

"Wiki iliyopita ulisema nyumba."

"Nilikosea, Dokta. Mvua ndiyo inayowaleta wajawazito, na hiyohiyo inawasha jenereta na kuzungusha gari. Mimi niliona vinaongozana, nikadhani kimoja kinakisukuma kingine."

"Kwa hiyo nyumba haigharimu kitu?"

"Inagharimu. Kidogo."

"Hicho kidogo ndicho watakachokishika." Alijikanda paji la uso. "Na mwenyekiti wa bodi nimwambieje, mama Goodhope? Tufunge mvua?"

"Sijui, Dokta. Najua tu kwamba tukiifunga nyumba, jenereta itanguruma vilevile."

Dokta akaitia karatasi kwenye jalada la kikao cha kesho, juu ya ile ya kwanza.

Hildegarda alipotoka jioni, mvua ilikuwa imerudi. Mwanasha alisimama kwenye jiko la nje, mwiko mkononi, sufuria ikichemka.

"Tumwagile kaingia leba. Uchungu umemwanza ghafla, na ugali wake hata haujasongwa. Wenzake wana njaa." Akamnyooshea mwiko. "Au huko shuleni hawafundishi?"

Hildegarda alimkaza mtoto mgongoni, akainamia sufuria. Unga wa Kisanga ulikuwa mzito, ukiung'ang'ania mwiko. Umeme ukakatika tena. Wanawake barazani wakatega masikio upande wa leba, naye akaendelea kusonga gizani, akiingoja jenereta.